Ndugu wa Tumbo Moja

Katika uwanda wa kati wa nchi yetu, kutoka Mpwapwa hata Kilimatinde, na kutoka mipaka ya Kondoa hata ukingo wa mto Ruaha, nyumba ya asili ya Wagogo ilikuwa tembe: nyumba ndefu ya kimo kifupi, iliyouzunguka ua ambamo ng'ombe walilala usiku, kuta zake za miti iliyosimikwa na kukandikwa udongo, na paa lake bapa limetandazwa udongo mzito, ili mvua za uwanda ule, ambazo kwa mwaka mzima aghalabu hazifiki milimita 600, zisipate njia ya kupenya. Tembe haikujengwa mara moja ikaisha. Kijana alipooa, upande mmoja uliongezwa chumba. Ndugu yake alipomfuata, upande mwingine uliongezwa tena. Hata msafiri aliyepita kwa mbali, bila ya kubisha hodi wala kuuliza, aliweza kukisia kwa urefu wa kuta ni wana wangapi waliokuwamo katika nyumba ile. Wagogo hawakuwa na daftari la ukoo la karatasi, lakini walikuwa na daftari la miti na udongo, na kila mwana alikuwa na ukurasa wake ndani yake.

Nimeanza na tembe kwa sababu sura hii yawahusu ndugu wa tumbo moja waliokufa katika utumishi wa vita, na sijui mahali pengine panapoonyesha hasara ya namna hiyo kwa uwazi zaidi kuliko nyumba iliyojengwa kwa kipimo cha wana. Mtu mmoja akifa, ni msiba. Ndugu wawili, watatu au wanne wakifa, nyumba yenyewe hupungua, na vyumba vilivyokuwa na sauti hubaki na popo.

Ulimwengu unazo habari za misiba kama hii, na baadhi yake zimekuwa mashuhuri. Tarehe 13 Novemba 1942 manowari ya Kimarekani iliyoitwa Juneau ilizamishwa karibu na kisiwa cha Guadalcanal katika bahari ya Pasifiki, na pamoja nayo wakapotea ndugu watano wa ukoo wa Sullivan, wenyeji wa mji wa Waterloo katika jimbo la Iowa, waliokuwa wameomba watumikie pamoja wala wasitenganishwe. Majina yao watano, George, Francis, Joseph, Madison na Albert, yalienea Marekani nzima. Meli mpya ya vita ikapewa jina lao. Na baadaye taifa lile likaweka kanuni za kumlinda mwana aliyesalia peke yake, ili nyumba moja isifilisiwe yote na vita. Ni jambo la haki, na watu wa taifa lile walifanya vyema kulifanya.

Lakini habari iliyonishika mimi kwa nguvu zaidi ni ya ukoo mwingine, kwa kuwa mmoja wa ndugu wale amelala katika ardhi yetu. Katika kijiji cha Friesthorpe, wilaya ya Lincolnshire huko Uingereza, palikuwa na kasisi mmoja jina lake Prince William Thomas Beechey, aliyejaliwa na mkewe Amy watoto 14, na kati yao wanane walikuwa wanaume. Kasisi alifariki mwaka 1912, na mjane akahamia mjini Lincoln pamoja na watoto waliokuwa bado mikononi mwake. Vita vilipozuka mwaka 1914 na kuendelea, wote wanane, mmoja baada ya mwingine, waliingia katika utumishi. Na katika hao wanane, watano hawakurudi. Barnard, aliyekuwa mkubwa wao, mwalimu wa shule, aliuawa katika mapigano ya Loos, Ufaransa, tarehe 25 Septemba 1915. Frank, mwalimu kama kaka yake, alipigwa na kombora miguuni katika bonde la Somme, akalala kati ya majeshi mawili tangu alfajiri hata jioni, hata tabibu mmoja alipojihatarisha kutambaa mpaka alipokuwa ili ampe dawa ya kutuliza maumivu; akafa tarehe 14 Novemba 1916. Harold, aliyekuwa amehamia Australia kutafuta maisha, aliuawa Bullecourt tarehe 10 Aprili 1917. Leonard, karani wa reli, alijeruhiwa na kuvuta hewa ya sumu, akafia hospitalini katika mji wa Rouen tarehe 29 Desemba 1917.

Kati ya kifo cha Harold na kifo cha Leonard kilitokea kifo cha Charles, na hiki hakikutokea Ulaya. Charles Reeve Beechey alikuwa mwalimu naye, mtu wa makamo, mwenye umri wa miaka 39, ambao si umri wa kuanza kubeba bunduki. Lakini vita vilikuwa vimekwisha kula vijana, vikaanza kula wakubwa. Alipelekwa Afrika Mashariki katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kikosi kile kile alichotumikia Frederick Selous, mwindaji mashuhuri, aliyeuawa Beho Beho tarehe 4 Januari 1917. Mnamo Oktoba 1917, kusini kwa nchi yetu, nyuma ya Lindi, majeshi ya Waingereza na ya Wadachi yalipambana kwa siku nne karibu na Mahiwa, kwa ukali ambao haukupata kuonekana katika vita vile vya Afrika Mashariki, na upande wa Waingereza peke yake zaidi ya watu 2,000 waliuawa au kujeruhiwa. Katika siku hizo hizo, huko Lukuledi, Charles alipigwa risasi za bombomu kifuani. Akafa tarehe 20 Oktoba 1917. Kaburi lake liko leo Dar es Salaam, katika makaburi ya vita, na jina lake limechongwa juu ya jiwe.

Tunayajua haya yote, hata saa ambazo Frank alilala kwenye matope, kwa sababu mama yao alitunza barua. Wanawe walimwandikia kutoka kila mahali walipopelekwa, naye aliziweka ndani ya kisanduku, na barua zile zilizokuwa zapata 300 ziliishi kuliko mikono iliyoziandika. Inasimuliwa pia kwamba mwezi wa Aprili 1918, Mfalme George wa Tano na Malkia Mary walipozuru Lincoln, mjane yule aliitwa mbele yao, na Malkia akamshukuru kwa sadaka aliyoitoa. Naye akajibu kwamba haikuwa sadaka, kwa kuwa hakuwatoa wanawe kwa hiari. Mimi sijapata kusikia jibu la kweli zaidi mbele ya kiti cha enzi. Sadaka hutolewa na mwenye mali. Aliyenyang'anywa hakutoa kitu.

Na sasa nataka kurudi uwandani, kwa maana Charles Beechey hakufika Lukuledi kwa miguu yake peke yake. Risasi alizotia katika bunduki yake, biskuti alizokula, dawa aliyofungiwa jeraha lake, vyote vilifika pale juu ya vichwa vya watu. Katika nchi ambayo mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota magari, na ambayo njia zake za mvua zilimeza magurudumu, jeshi la kisasa lilitembea kwa miguu ya wapagazi. Kila askari aliyekuwa mbele alihitaji wapagazi kadhaa nyuma yake, na wapagazi wale nao walihitaji wapagazi wengine wa kubeba posho yao wenyewe. Walikusanywa kwa malaki, na wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa kati yao kwa upande wa Waingereza walikaribia au kupita 100,000. Mji wa Dar es Salaam umehifadhi ukumbusho wao bila ya kukusudia, katika jina la Kariakoo, ambalo ni jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi lililolainishwa na ndimi zetu. Na maelfu ya watu hununua nyanya na vitambaa pale kila siku iendayo kwa Mungu bila ya kujua kwamba wanalitaja jeshi la wafu.

Ugogo ulikuwa katikati ya mambo hayo kwa sababu ya reli. Reli ya kati, iliyoanzia Dar es Salaam, ilifika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, miezi michache tu kabla ya vita. Na mahali palipokuwa kijiji cha vilima na mibuyu pakawa stesheni, na mbele ya stesheni pakawa boma. Vita vilipoanza, Wadachi waliwataka watemi na majumbe watoe watu wa kubeba mizigo, ng'ombe wa kuchinjwa na nafaka ya kulisha askari. Haja hiyo ilizidi mwaka 1916, wakati Jenerali van Deventer wa Afrika ya Kusini alipoitwaa Kondoa mwezi wa Aprili, na Kamanda von Lettow-Vorbeck akayahamisha majeshi yake kwa reli, akayapandisha kutoka njia ya kati kwenda kumkabili. Usiku wa tarehe 9 Mei 1916 Wadachi walishambulia Kondoa wakashindwa kuitwaa. Kisha majeshi yakakaa yakitazamana kwa majuma mengi, katika mvua na njaa, na kila mfuko wa uwele uliopatikana vijijini ulipanda njia ya kaskazini juu ya kichwa cha mtu. Tarehe 29 Julai van Deventer akaingia Dodoma. Wadachi wakarudi nyuma kuelekea kusini, wakiwachukua wapagazi waliokuwa nao. Na Waingereza, ambao sasa walikuwa na reli lakini hawakuwa na chakula, wakawageukia watemi wale wale na majumbe wale wale kwa amri ile ile.

Hapa nataka msomaji atafakari tembe moja yenye wana wanne. Nami sisemi kwamba naijua kwa jina, bali nasema kuwa zilikuwa nyingi za namna hiyo. Mkubwa amechukuliwa na Wadachi mwaka 1915 au 1916, ameondoka na jeshi lao kuelekea Mahenge, na habari zake zimekatika. Wa pili na wa tatu wamechukuliwa na Waingereza, mmoja kwa njia ya Iringa, mwingine kwa njia ya Kilosa na Morogoro kuelekea Rufiji. Wa nne ni mtoto bado, anachunga mbuzi. Yamkini kabisa mkubwa alibeba risasi za bunduki zilizoelekezwa upande aliokuwako mdogo wake, na mdogo wake akabeba risasi za bunduki zilizoelekezwa upande aliokuwako mkubwa, na hapana hata mmoja wao aliyekuwa na ugomvi na mtu yeyote katika vita vile. Walikuwa ndugu wa titi moja, na wafalme wawili wa mbali waliwagawana kama ng'ombe wa mahari.

Mzigo ulikuwa wa ratili 50 au 60, nao haukupungua njia ilipokuwa mbaya. Lakini si mzigo uliowaua watu wengi, wala si risasi. Mgogo alikulia katika nchi kavu, ambamo kwa miezi saba au minane ya mwaka hapana tone la mvua. Chakula chake kilikuwa ugali wa uwele au mtama, na mlenda, na maziwa. Akatolewa hapo akatiwa katika mabonde ya maji ya Kilombero na Rufiji, katika masika ya mwaka 1917 yaliyokuwa mazito kupita kiasi, akalala juu ya matope bila ya blanketi la kutosha, akaumwa na mbu kuliko alivyopata kuumwa maishani mwake, na homa ikamkuta hana kinga. Akapewa posho ya unga wa mahindi uliosagwa vibaya, wenye chenga, ambao hata nyumbani wahitaji moto mwingi na saa nyingi; naye alifika kambini magharibi, amechoka, kuni zimelowa, sufuria moja kwa watu wengi, akala unga ule nusu mbichi. Tumbo likamshika. Ugonjwa wa kuhara damu uliua wapagazi wengi sana kuliko silaha zote za Wadachi, na kichomi kikawamaliza waliopandishwa katika baridi ya milima. Kifo cha mpagazi kwa kawaida hakikuwa na mlio. Asubuhi msafara uliondoka, naye hakuondoka.

Ajuaye jinsi Wagogo wanavyotoa majina ataelewa jambo lililofuata. Mtu wa uwandani hujulikana kwa jina lake, na la baba yake, na la ukoo wake, na mahali ukoo ulipotoka. Ukikutana naye njiani na kumwamkia kwa Mbukwa, hutaachana naye kabla ya kuulizana hayo. Karani wa jeshi hakuwa na nafasi ya hayo yote. Alikuwa mgeni, amekaa nyuma ya meza, mbele yake foleni ya mamia ya watu wasiojua lugha yake. Alisikia sauti, akaandika alivyosikia, akamvisha mtu kipande cha bati chenye namba. Tangu hapo, kwa jeshi, yule mtu alikuwa namba. Ndugu wawili wa nyumba moja wakiandikishwa siku mbili tofauti na makarani wawili tofauti waliweza kuandikwa kama watu wasiohusiana hata kidogo, jina la baba limekosewa huku kwa namna moja na kule kwa namna nyingine. Kwa hiyo hata pale ambapo kifo kiliandikwa, hakikuweza kurudi nyumbani. Mishahara ya wengi waliokufa ilibaki bila ya mwenyewe, si kwa sababu hawakuwa na mama wala mke wala mtoto wa kurithi, bali kwa sababu namba haina mama.

Mjane wa Lincoln alipokea habari tano za kifo, kila moja na tarehe yake, na kila moja ilimchoma. Mama wa tembe hakupokea hata moja. Sitaki kupima uchungu wa huyu dhidi ya uchungu wa yule, kwa maana hakuna mizani ya kazi hiyo. Lakini ni dhahiri kwamba mmoja alijua siku ya kuanza kulia, na mwingine hakuijua.

Kisha ikaja njaa. Wagogo waliiita Mtunya, jina lenye maana ya kugombania na kunyang'anyana, na wazee wa uwandani waliendelea kuhesabu miaka kwa hiyo, kabla yake na baada yake. Nchi ile ilikuwa imezoea ukame, na ilikuwa na dawa zake za ukame: ghala za nafaka ya mwaka uliopita, ng'ombe wa kubadilisha kwa chakula katika nchi jirani, na vijana wenye nguvu za kwenda kukitafuta chakula hicho na kukirudisha. Vita vilizichukua dawa zote tatu kwa wakati mmoja. Nafaka ililiwa na majeshi mawili. Ng'ombe walichinjwa na majeshi mawili. Na vijana, ambao wangelima wakati mvua kidogo ilipoonekana, au wangekwenda Kondoa na Kilosa kutafuta mtama, walikuwa Rufiji, au walikuwa chini ya udongo wa Rufiji. Mvua zilipokosekana hapakuwa na kitu cha kuegemea. Watu walikula matunda ya mibuyu na mizizi ya porini, wakatawanyika kila upande, na wapo waliolazimika kuwaweka watoto wao rehani katika nchi za wenye chakula, wakitumaini kuwakomboa siku njema ikirudi. Mwishoni mwa mwaka 1918, miili ikiwa imedhoofika hivyo, homa kuu ya mafua iliyozunguka dunia nzima ikapita kwa reli. Serikali mpya ilileta chakula, lakini kwa uchache na kwa kuchelewa. Inakadiriwa kwamba katika wilaya ya Dodoma, iliyokuwa na watu wapatao 150,000, walikufa wapatao 30,000 kabla njaa haijakoma mwaka 1920. Ni mtu mmoja katika kila watu watano.

Mtu mmoja katika watano. Na nyumba iliyokuwa imekwisha kutoa wana watatu kwa vita ikaanza tena kuhesabiwa upya, safari hii kwa wazee na watoto.

Mwaka 1927, mahali pale Dar es Salaam ambapo Wadachi walikuwa wamesimamisha sanamu ya shaba ya gavana wao von Wissmann, Waingereza walisimamisha sanamu ya askari Mwafrika aliyenyosha bunduki yake mbele, na sanamu zake wenziwe zikasimamishwa Nairobi na Mombasa. Maneno yaliyoandikwa chini yake, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, yalitungwa na Rudyard Kipling, naye hakuwa mtu aliyeandika juu ya msiba wa wengine tu: mwanawe wa pekee, John, alipotea katika mapigano yale yale ya Loos, siku mbili baada ya Barnard Beechey kuuawa. Ibara ile inawataja wapagazi kwa heshima, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi, kisha inamwahidi aliyekufa kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Nimelisoma andiko lile mara nyingi, na kila mara hufika mahali pale nikasimama. Wana gani? Baadhi ya waliokufa walikuwa vijana wasiooa. Na wengine walioacha watoto nyumbani Ugogo, watoto wale wamo katika hesabu ya Mtunya. Juu ya sanamu yenyewe hapana jina hata moja. Aliyeahidiwa kukumbukwa kwa jina hakuandikwa jina.

Isidhaniwe kuwa hiyo ilikuwa desturi ya zama zile kwa watu wote. Tume ya Makaburi ya Vita iliyoundwa na Waingereza mwezi wa Mei 1917 ilijiwekea kanuni nzuri mno: kila aliyekufa atajwe kwa jina lake, na jiwe la jemadari lisizidi jiwe la askari wa kawaida. Kwa kanuni hiyo Charles, ambaye hakuwa ofisa bali askari wa cheo cha chini kabisa, ana jiwe lililo sawa na la wakubwa wake. Lakini kanuni ile ilifika Afrika Mashariki ikakatwa nusu. Makaburi ya wapagazi yaliachwa yarudi msituni, na kwa wengi haikudhaniwa kuwa kuna haja ya kuwaandika. Mwezi wa Aprili 2021, baada ya zaidi ya miaka 100, tume hiyo, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilikiri katika taarifa yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuwekewa ukumbusho kwa majina yao, na pengine hawakuwekewa ukumbusho wowote. Na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Naiheshimu toba hiyo. Hata hivyo tazama ukubwa wa pengo lililo baina ya tarakimu zile mbili: kati ya ya kwanza na ya pili kuna watu 234,000 ambao hata idadi yao ni ya kukisia, na ndani ya kisio hilo ndimo walimo ndugu zetu watatu wa tembe.

Baadhi ya wenyeji hawakungoja tume. Mwalimu Ernest Kongola wa Dodoma, baada ya kustaafu kazi, aliutumia uzee wake kukusanya na kuandika kwa Kiswahili historia za koo za Ugogo: nani alimzaa nani, walitoka wapi, waliishi chini ya mtemi yupi, wakapatwa na njaa zipi. Hakuwa na fedha za mchapishaji mkubwa. Aliandika, akapiga chapa, akafunga majalada, akayatoa kwa watu wa koo zenyewe. Mwanahistoria Mmarekani Gregory Maddox, aliyeichunguza Mtunya kwa bidii, alifanya kazi pamoja naye na kukiri deni lake kwake. Kwangu mimi kazi ya Mwalimu Kongola ni ya jamii moja na kisanduku cha mama Beechey, ila ni ngumu zaidi, kwa kuwa yule mama alipokea karatasi zilizokwisha andikwa, na mwalimu huyu ilimbidi azitoe katika vinywa vya wazee waliokuwa wanakwisha. Katika koo nyingi bado wapo wenye kujua kwamba babu wa babu alikuwa na ndugu waliokwenda na mizigo wasirudi. Orodha ya aina hiyo, ikikusanywa nyumba kwa nyumba, kutoka Mvumi hata Bahi, na kutoka Mpwapwa hata Manyoni, ingekuwa ukumbusho ambao hapana mchonga mawe awezaye kuutengeneza.

Kila tarehe 25 Julai taifa letu huadhimisha Siku ya Mashujaa, na tangu serikali ihamie Dodoma adhimisho hilo limefanyika mara nyingi katika mji huu huu: Rais huweka mkuki na ngao, tarumbeta hulia, na viongozi wa dini huwaombea waliokufa, wakiwamo wa vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979. Si mbali na hapo yamo makaburi ya mji, na ndani yake sehemu ya askari wa vita vya kwanza waliofia Dodoma baada ya van Deventer kuingia, safu zake zimetunzwa na majina yanasomeka. Yafaa mtu apite pale asome. Kisha ageuze uso aitazame nchi iliyo wazi upande wa kusini, ile njia waliyoondokea wale wengine.

Turudi katika ile tembe ya wana wanne. Paa la tembe lataka kuangaliwa kila mwaka: udongo uongezwe kabla ya mvua, nguzo iliyoliwa na mchwa ibadilishwe, na hiyo ni kazi ya wanaume kadhaa, kwa sababu paa ni zito. Nyumba ikikosa mikono kwa masika mawili au matatu, maji hupata njia, boriti huoza, na chumba hukaa chini ya udongo wa paa lake chenyewe. Yule mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi, aliyepelekwa Kondoa wakati wa njaa na kuokoka, alirejea mwaka 1920 akiwa kijana, akaikuta nyumba imeanguka pande tatu. Akakata miti. Akasimika nguzo za upande mmoja, akaezeka, akaweka udongo, akawasha moto.